Kijani Hakuna

Gunia lilikuwa limejaa, na halikutakiwa kujaa.

Kunigunde aliisogeza karatasi karibu na dirisha aitazame vizuri. Ilikuwa karatasi ileile waliyokuwa wakiipaka rangi tangu mwanzo wa juma, ukurasa wa kitabu cha picha cha kuwatia watoto adabu. Picha ya kwanza, msichana mwenye kijicho anamnyang'anya mwenzake mwanasesere. Picha ya pili, Mzee wa Gunia amesimama mlangoni, mrefu, mweusi, kofia imemfunika macho, gunia tupu amelitundika mkononi. Picha ya tatu, kiti kitupu. Na chini yake maneno:

Asiyependa mwenzake apate,
Mzee wa Gunia na amkamate.

Mchoraji alikuwa amelichora gunia bapa, halina kitu. Hili la leo lilikuwa limetuna, na upande wa chini palikuwa na uvimbe mdogo, kama goti la mtu linalosukuma kwa ndani.

"Gretl," alinong'ona. "Hebu litazame hili gunia."

Mama Gretl, aliyepaka njano, hakuinua hata kichwa. "Gunia ni gunia. Paka kijani chako, Kuni, Bwana asije akatukuta tumekodoa macho kama kuku waliosikia mwewe."

Kuni akapaka. Lakini alipoirudisha karatasi juu ya meza, alihisi harufu ya katani mbichi iliyolowa mvua, na chini ya harufu hiyo, udongo.

Basi tuanzie pale jambo lilipoanzia, maana jambo hili lilianza na wivu, na wivu, jamani, hauna adabu hata kidogo.

Karakana ya Bwana Haffner ilikuwa mtaa wa Gostenhof, kule Nuremberg, Ujerumani, ghorofa ya pili, juu ya duka la mshona viatu. Wanawake walikaa kwenye meza moja ndefu, kila mmoja na rangi yake na kiolezo chake: karatasi ngumu iliyonyweshwa mafuta na kutobolewa mahali ambapo rangi yake inatakiwa. Unaweka kiolezo, unapitisha brashi, unamsukumia jirani. Kwanza njano, kisha kijani, kisha bluu, na mwisho kabisa nyekundu. Nyekundu ndiyo rangi ya midomo na mashavu. Karatasi humfikia mwenye nyekundu ikiwa maiti na kumtoka ikiwa na damu, ndiyo maana kiti kile kilikuwa kiti cha heshima, karibu na jiko la moto.

Aliyekikalia alikuwa Rosine, mdogo wake Kuni wa tumbo moja. Kuni ndiye aliyemleta pale, ndiye aliyemfundisha kushika brashi, na Bwana Haffner akampa Rosine nyekundu. Kuni alisema ni sawa, akasema anamfurahia mdogo wake. Ila kila karatasi aliyoisukuma kuelekea kule kwenye moto ilikuwa kama pilipili kwenye kidonda.

Hilo angelimeza. Lililomkaa kooni ni nguo.

Kuni alikuwa na binti mmoja, Dorle. Kipupwe kilichopita donda koo lilimchukua, tena kwa haraka, mtoto alikohoa Jumapili na Alhamisi wakamzika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami sitauongezea maneno. Dorle aliacha nguo moja ya kijani ambayo mama yake aliikata kutoka kwenye sketi yake ya arusi, na vifungo vya mfupa alivyovikereza baba yake, Lorenz, fundi wa wanasesere wa mbao. Nguo hiyo ilikuwa sandukuni. Kuni hakuifunua. Alitaka tu iwepo.

Jumamosi moja jioni, baridi ikiwa imeanza kuuma, Kuni alisikia vicheko uani. Akachungulia. Babette, binti wa Rosine, alikuwa akizunguka kama pia, sketi imefura, vifungo vya mfupa vinameta.

"Mama mkubwa! Mama mkubwa, nitazame!"

Na Lorenz alikuwa kando, mikono kiunoni, anacheka. Kuni hakuwa amekisikia kicheko kile tangu mazikoni. Nguo peke yake huenda angeisamehe. Kicheko hapana.

"Nguo ya mwanangu, Lorenz," alisema mumewe alipopanda juu.

"Kuni, yule mtoto hana baba, anatetemeka. Dorle hatairudia."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa. Nimemwambia Rosine umeitoa wewe mwenyewe. Usinifedheheshe, mke wangu."

Rosine naye akaja kushukuru, machozi yanamtoka, akamshika dada yake mikono yote miwili. Kuni akatabasamu. Moyoni alikuwa akisema: una nyekundu, una mtoto, una kicheko cha mume wangu, na sasa una sketi yangu ya arusi. Nibakishie basi hata kivuli changu!

Jumatatu yake kitabu kipya kikaingia.

Meza ile ilikuwa na mwiko mmoja. Kabla brashi haijaloweshwa, Bwana Haffner alisimama na chaki mbele ya ubao, akauliza rangi moja baada ya nyingine kama kuna mtoto wa mtu yeyote pale mezani anayevaa nguo ya rangi hiyo. Rangi isiyo na mtoto ndiyo aliyovishwa mtoto mbaya wa kitabuni. Walioanza desturi hiyo walishakufa. Sababu yake hakuna aliyeijua, na hakuna aliyetaka kuijua kwa kujaribu.

"Njano?"

"Mjukuu wangu," akajibu Mama Gretl. "Shali, lakini shali nayo si ni nguo?"

"Bluu?"

Mikono mitatu ikainuka.

"Kijani?"

Rosine alikuwa chini uani, anachota maji ya kuchanganyia rangi. Wengine wakainamisha nyuso, maana mtoto wa kijani wote walimkumbuka, na walimwonea huruma mama yake. Kwamba nguo imepata mwili mwingine tangu juzi, hapakuwa na aliyejua isipokuwa Kuni.

"Kijani hakuna," alisema Kuni.

Bwana Haffner alishusha chaki. Hakuwa mtu mbaya. "Hakuna kabisa, Kuni? Sema tu, tutatumia rangi nyingine."

"Aliyekuwa nayo hayupo. Kijani hakuna."

Ikaandikwa. Rosine aliporudi na karatasi za kwanza zikamfikia, mkono ulimsita. "Dada," alinong'ona, "mtoto mbaya amevaa kijani. Na Babette…"

"Bwana anajua. Nguo ya marehemu haihesabiwi." Na Rosine, aliyekuwa akiogopa kumuudhi dada yake tangu aipokee nguo ile, akanyamaza, akamtia yule mtoto wa kijani midomo myekundu.

Siku chache baadaye ndipo Kuni alipoliona gunia limejaa.

Harufu ilimfuata mpaka nyumbani. Rosine na Babette walikaa chumba cha chini, Kuni na Lorenz cha juu, nyumba moja, ngazi moja ya mbao. Kipupwe cha kule hakina jioni. Saa kumi hivi taa zimeshawashwa, na wakati huo wa kuwasha taa ndipo ilipoanza kusikika hatua kwenye ngazi, hatua moja nzito, kisha kitu kikiburutwa, kisha hatua nyingine. Lorenz alisema ni mbao zinajikunja kwa baridi. Lakini mbao hazipumui.

Babette akaanguka homa.

"Mzee ananipima," alimwambia mama yake, sauti imekwisha. "Analilaza gunia kando yangu, anapima kama nitaenea."

"Ni homa, mwanangu. Kunywa supu."

"Anasema kuna mtu tayari. Anasema itabidi tubanane."

Kuni alikuwa mlangoni na bakuli la supu ya kabichi. Na nitasema ukweli wake wote: kitu cha kwanza alichosikia moyoni hakikuwa hofu. Kilikuwa kitamu. Acha Rosine naye ajue, alijisemea, acha ajue kitanda kinavyonuka mtoto anapoungua. Kisha akamwona Lorenz amepiga magoti pale, anamfuta Babette jasho kwa leso yake, akimwita "kidege changu", jina la Dorle lile, na utamu ukageuka nyongo.

Alipokuwa akipanda ngazi akirudi kwake, mshumaa mkononi, alisikia nyuma yake pumzi ndogo, fupifupi, za mtu aliyefungwa mahali finyu, na akasema moyoni hatageuka, akageuka, na pale kwenye ngazi alikotoka, palipokuwa patupu alipopita, palikuwa na kitu kimesimama kirefu mpaka kofia yake imegusa dari, hakina uso chini ya kofia ila weusi wa wino uliokuwa bado mbichi, ukidondoka, na mkononi mwake gunia lililotuna, na ndani ya gunia mkono mdogo ukawa unapapasa kitambaa taratibu, kidole kwa kidole, kama mtoto anayetafuta mlango gizani. Mshumaa ukazimika. Kuni alifika juu kwa magoti.

Asubuhi hakwenda kazini. Alikwenda kwa Bibi Sabina, nyuma ya viwanda vya ngozi, aliyeombea wagonjwa kwa kunong'ona na kukata hofu za watoto kwa uzi. Kizee kilimsikiliza kikimenya viazi.

"Mtoto wa mdogo wako umemtoa kwa kinywa chako," akasema mwishoni. "Kisa?"

"Nguo."

"Nguo! Kikulacho ki nguoni mwako, binti. Sikiliza. Neno lilisemwa mezani, lirudishwe mezani, mbele ya walewale. Sema kijani kina mtoto, umtaje. Kisha rangi ile ifunikwe kwenye kila karatasi. Yule atamwacha."

"Basi?"

"Atapita kwako kuaga. Atabisha. Usifungue, hata ukisikia nini. Ukifungua atakuachia mzigo wake, na mzigo ule si wa kukaa na watu."

"Mzigo gani? Babette si yuko kitandani?"

Bibi Sabina akaacha kumenya. "Nenda, mama," alisema. "Nenda kabla mtoto hajaisha."

Kuni alisimama mbele ya meza, mbele ya Bwana Haffner, akasema. "Kijani kina mtoto. Ni Babette wa Rosine. Nilijua, nikasema hakuna. Nilimwonea wivu." Rosine aliinuka na brashi yake nyekundu mkononi. Watu walidhani atampiga. Akakaa tena, akalia, na alipomaliza kulia akasema, "Changanyeni kijivu, hakina mtoto." Wote wakapaka kijivu juu ya kijani, karatasi kwa karatasi, mpaka violezo vikalainika, na kila iliyokauka Kuni aliiona gunia lake limelala bapa.

Jioni hiyo Babette akaomba mkate wa asali.

Lorenz alikuwa chini kwa mgonjwa. Kuni alikuwa juu peke yake, komeo limefungwa, akisikiliza vicheko vya chini, safari hii bila kuumia sana. Ngazi ikalia. Hatua, buruto. Hatua, buruto. Kitu kizito kikawekwa mbele ya mlango, taratibu, na harufu ya katani na udongo ikapenya chini ya ubao. Kikabisha mara moja. Kuni akaziba masikio, akaanza kusali. Halafu akasikia, ingawa masikio yalikuwa yamezibwa:

"Mama."

Haikuwa sauti ya Babette.

"Mama, mbona umemtaja Babette peke yake?"

Kuni akatambaa mpaka mlangoni.

"Ulisema sipo. Yeye akasikia, akaja kunichukua kule nilikolala. Mama, huku kuna giza, na gunia linachoma shingo. Nguo ni yangu. Mbona hukunitaja?"

"Dorle," alisema Kuni, na midomo yake ilikuwa imegusa ubao wa mlango. "Dorle, mwanangu, nimekatazwa kufungua."

"Basi ananichukua. Anasema mimi ni wake sasa."

Wake! Hapo ndipo ilipochomeka. Kuni aliyekuwa amewaonea wivu mdogo wake, na mtoto wa mdogo wake, na mumewe kwa kicheko chake, sasa alimwonea wivu hata yule asiye na uso kule nje, maana yule alikuwa na Dorle mikononi na yeye hana, na wivu huo ulikuwa mkubwa kuliko hofu na kuliko maneno ya Bibi Sabina na kuliko sala yenyewe aliyokuwa ameikatiza katikati, na kabla hajajua, komeo lilikuwa limeshafunguka na upepo wa ngazini ulikuwa unampiga usoni.

Hapakuwa na mtu. Kizingitini palikuwa na gunia. Aliliinua kwa mikono miwili, na uzito wake aliujua.

Lorenz alipopanda alimkuta mkewe ameketi karibu na jiko, anashona, anaimba kwa chini. Alidhani ni nafuu, akamshukuru Mungu. Tangu siku hiyo Kuni alikuwa mpole ajabu. Babette alipelekwa kwa nyanya yake shamba akapate maziwa na nguvu. Nguo ya kijani ilirudi sandukuni, na Kuni akanunua kitambaa cha kahawia, akamshonea yule mtoto nguo mpya kwa mkono wake, mishono midogo, ya mapenzi. Alimkabidhi Rosine siku alipokwenda kumchukua binti yake.

"Dada," alisema Rosine, "hii sitaisahau."

"Mvike huko huko. Aje nayo."

Kuni alipogeuka, mfuniko wa sanduku ulikuwa wazi, na kijani hakimo.

Kesho yake kitabu kipya kilikuwa mezani. Kiti cha nyekundu kilikuwa kitupu, Rosine yuko njiani na mtoto. Bwana Haffner alishika chaki.

"Njano?"

"Shali ileile," akasema Mama Gretl. "Haijachanika, sisi si matajiri wa kubadili shali."

Wakacheka. "Bluu?" Mikono ikainuka. "Kijani?"

Kicheko kikafa. Kuni alihisi kitu kikisogea chini ya meza, kitambaa kikikwaruza sakafu, na kichwa kidogo kikamlalia gotini. Aliweka brashi chini. Alisema kwa sauti, na hakuna siku aliyosema neno kwa fahari kama hiyo.

"Kijani yupo. Wa kwangu."

Walitazamana. Bwana Haffner alitaka kusema neno, akamhurumia, akaliacha. "Haya. Kijani yupo. Na kahawia, tukiichanganya? Kuni, Rosine hayupo. Wewe ndiye uliyetufundisha kusema kweli mezani hapa, nakuamini. Babette anavaa nini siku hizi? Kahawia kuna mtoto?"

Pale mezani hakuna aliyeiona nguo ile ya kahawia isipokuwa Kuni. Kuni alifungua kinywa aseme yupo. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Chini ya meza mkono mdogo, baridi kama chuma cha nje, ukamshika kifundo cha mguu.

"Nawe unamtaka Babette?" ikanong'ona sauti ya gotini. "Nirudi basi kwa Mzee?"

Harufu ya katani ilipanda. Huko mlangoni, nyuma ya makoti yaliyotundikwa, kofia ndefu ilikuwa imegusa dari.

"Kuni?" akauliza Bwana Haffner.

Kuni aliteremsha mkono chini ya meza, akazikuta nywele, akazishika. Akakaa kimya. Na sauti ikatoka pale alipokaa, nyembamba kidogo, ila wote waliichukulia ni yake.

"Kahawia hakuna."

"Asante, Kuni," alisema Bwana Haffner, akageuka ubaoni, akaandika.